Na Likiteremka?

Tunataka kuwasimulia habari za gari bovu, na jinsi Mungu alivyotufundisha kwa kinywa cha mtu ambaye tulikuwa na sababu ya kuona aibu mbele yake.

Gari lenyewe ni Land Rover 109, pikapu, toleo la tatu, lile lililotengenezwa Uingereza kati ya mwaka 1971 na 1985. Mzee mmoja wa usharika wetu alilinunua zamani kwenye mnada, akabebea mahindi na mkaa hadi likamshinda, akaliegesha chini ya mwembe nje kidogo ya mji wa Morogoro. Lilikaa hapo miaka mingi. Kuku walikuwa wakitagia ndani ya kabini. Siku ya Sikukuu ya Mavuno mzee huyo alijikongoja hadi madhabahuni, akaweka ufunguo ndani ya kikapu kati ya maharage na ndizi, akarudi kukaa. Wapo waliocheka. Lakini sisi wenye mitaa mitatu ya milimani hatukucheka, kwa kuwa tulikuwa tumeomba gari kwa miaka sita.

Anayeifahamu barabara ya Mgeta ataelewa. Unatoka Morogoro kwa barabara ya Iringa, ukifika Sangasanga unakata kushoto, unapita Mlali, kisha unaanza kupanda kuelekea Langali, Nyandira na Tchenzema. Kiangazi ni vumbi na mawe. Masika ni utelezi, na upande mmoja wa barabara ni ukuta wa mlima, upande wa pili hakuna kitu. Huko juu ndiko zinakotoka kabichi, karoti, viazi na njegere zinazoliwa mjini na Dar es Salaam. Huko pia ndiko wagonjwa wetu wanakobebwa kwa machela ya miti mabegani mwa vijana, nyakati nyingine usiku kucha, hadi mahali ambapo gari linaweza kufika.

Basi tukalivuta lile gari hadi kwa fundi mmoja Kihonda. Alilizunguka mara mbili akilipigapiga kwa kiganja, akatuambia jambo lililotufurahisha: bodi lake si bati la chuma, ni aluminiamu, kwa hiyo haliliwi na kutu kama magari mengine. Lililoliwa ni chesisi, nayo inachomeleka. Baadaye tulisoma sababu yake. Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam mwaka 1948, miaka mitatu tu baada ya vita kuu ya pili. Chuma kilikuwa kikigawiwa kwa mgao huko Uingereza, lakini aluminiamu iliyokuwa ikitengenezewa ndege za vita ilipatikana, na gari lilikusudiwa kwanza kwa wakulima. Sisi tunaohubiri tukaona hapo hapo unabii wa Isaya sura ya pili, silaha kugeuzwa kuwa majembe. Mahubiri yalikuwa yamepatikana hata kabla gari halijawaka!

Kwa mnada wa baada ya ibada na michango ya jumuiya tulikusanya shilingi milioni 5 na laki 2. Fundi alisema fedha hizo zinatosha kuchomelea chesisi, na zikibaki tutafanya jambo moja au mawili zaidi. Ndipo baraza la wazee likakutana kuamua gari ligeuzwe kuwa nini. Hapo tukagundua kwamba tulikuwa tumeomba gari moja, lakini kila mmoja alikuwa na gari lake moyoni.

Vijana na kwaya walitaka mabenchi mawili nyuma, fremu ya mabomba juu yake, na turubai. Walitaka pia matairi makubwa, gari linyanyuliwe, na taa nne juu ya kabini. Walikuwa wameona picha za Arusha, Oktoba 2024, mamia ya Land Rover yalipokusanyika kwa tamasha, na macho yao yalikuwa yanang'aa. Hatuwalaumu. Kwaya yetu imekuwa ikikodi magari ya watu kila mwaka kwenda kwenye mashindano.

Mtunza hazina na wakulima walitaka kingo za mbao ndefu, ili gari libebe kabichi hadi Soko Kuu la Chifu Kingalu na kuuingizia usharika fedha. Walikuwa na hesabu zao kwenye daftari, safari kwa safari.

Umoja wa wanawake ulitaka mahali pa kumlaza mgonjwa. Mama mmoja alitukumbusha Marko sura ya pili, wale watu wanne waliobomoa paa la nyumba ya watu ili mwenzao aliyepooza ashushwe mbele ya Bwana. Akasema, kama paa la nyumba lilibomolewa kwa ajili ya mgonjwa, bodi la gari ni nini?

Na sisi wachungaji je? Tukubali tu: tulitaka injini. Injini ya asili ya gari hilo ni ya petroli, lita 2.25, nayo inakunywa mafuta kana kwamba ina kiu ya jangwani. Fundi alitueleza kwamba wengi wameitoa, wakaweka injini ya dizeli ya Toyota, ile ya 3L, na gari likapanda mlima bila kuhema. Tulijiona tayari tukipanda Langali kwa gia ya tatu, tukiwapungia mkono watu waliozoea kutuona tukishuka kwenye bodaboda na joho letu ndani ya mfuko wa plastiki.

Mjadala ulichukua saa tatu. Ulikuwa mjadala mzuri, wa upendo, na mwishoni ulikuwa unakwenda kwenye maafikiano: injini kwanza, mabenchi yafuate, kingo zitengenezwe za kuchomoa, na mgonjwa akitokea alazwe kati ya mabenchi. Kila mtu angepata kidogo. Mwenyekiti alikuwa ameshaanza kuandika azimio.

Ndipo mama mmoja, mjumbe wa mtaa wa juu kabisa, ambaye hakuwa amesema neno tangu sala ya kufungua, akainua mkono.

"Baba Mchungaji," alisema, "nimesikia jinsi litakavyopanda. Na likiteremka?"

Hakuna aliyejibu. Si kwamba swali lilikuwa gumu. Sote tulimjua aliyeuliza.

Miaka mitatu kabla ya siku ile, kwaya ya mtaa huo ilikodi pikapu kushuka mjini kwa tamasha la uimbaji. Watu kumi na tisa walikaa nyuma, juu ya vyombo vya muziki na magunia ya viazi ya mwenye gari. Mbele kabini tulikaa sisi viongozi, kwa sababu ya heshima. Mchungaji aliomba sala ya safari, na mchungaji huyo ndiye anayeandika haya. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza dereva habari za breki. Kwenye mteremko, kilomita chache kabla ya tambarare, dereva alikanyaga pedali ikazama hadi chini. Alijitahidi kulisugua gari kwenye ukuta wa mlima, nalo likasimama kwa ubavu. Wengi waliumia. Binti wa mama huyo, mwenye miaka 17, mwimbaji wa sauti ya pili, alikufa pale pale.

Tulimzika kwa heshima zote. Tulihubiri kwamba Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Tulisema ni mapenzi ya Mungu, watu wakaitikia amina, tukachanga rambirambi, tukarudi nyumbani. Tunaliandika jambo hili kwa uchungu: katika mahubiri yale hatukusema neno hata moja juu ya watu kumi na tisa, wala juu ya magunia, wala juu yetu tuliokuwa kabini. Tulimtwika Mungu mzigo wetu, kisha tukamwomba mama mfiwa auamini.

Sisi Walutheri tunawafundisha watoto wa kipaimara amri ya tano, usiue. Na kila mtoto aliyesoma Katekisimo Ndogo ya Martin Luther, ya mwaka 1529, anajua kwamba maelezo yake hayaishii kwenye kutomdhuru jirani. Yanatudai pia tumsaidie jirani katika mahitaji yote ya mwili wake. Tumewasikiliza watoto wengi wakiikariri amri hiyo, na waliokosea tumewarudishia darasani. Lakini hatukuwahi kufikiri kwamba inaingia hadi kwenye bomba la mafuta ya breki.

Kikao kile kilifungwa bila azimio. Kesho yake tulikwenda kwa fundi, tukamwuliza swali la yule mama kama lilivyo. Alitutazama kidogo, akasema, "Wachungaji, ninyi ni wateja wa kwanza kuniuliza hilo kabla ya rangi." Akatandika boksi chini, akaingia uvunguni, akatuita tuingie naye mmoja mmoja.

Alichotuonesha ni hiki. Gari letu lina breki za ngoma magurudumu yote manne, na zote zinategemea masta silinda moja yenye njia moja. Bomba moja likipasuka popote, mafuta yanamwagika na magurudumu yote manne yanakosa breki kwa mara moja. Mabomba ya chuma yalikuwa yameoza pale yanapopita juu ya ekseli. Breki ya mkono kwenye gari hili haishiki magurudumu. Inashika ngoma iliyo kwenye shafti nyuma ya giaboksi. Inafaa kuegeshea, lakini si ya kukimbilia gari likiwa kasi mteremkoni. Tena akatueleza kwamba injini yenye nguvu zaidi bila breki zaidi ni kumpa mtoto kisu. Na kunyanyua gari juu ya matairi makubwa, kisha kuweka watu kwenye mabenchi, kunapandisha uzito juu, hivyo kwenye kona linakuwa jepesi kupinduka.

Tukajifunza na mengine ambayo tungeyajua kama tungeuliza mapema. Kadi ya gari ina namba ya chesisi na namba ya injini, kwa hiyo ukibadilisha injini ni lazima uiarifu Mamlaka ya Mapato ili kadi irekebishwe. Na gari lililosajiliwa kubeba mizigo haligeuki kuwa basi kwa sababu tu limewekewa mabenchi, hata likiwa limejaa watu wanaomwimbia Mungu.

Baraza lilikutana tena baada ya wiki mbili. Safari hii tulianza kwa fedha. Chesisi, masta silinda mpya yenye njia mbili ili upande mmoja ukivuja mwingine ubaki, sevo ya kuongeza nguvu ya pedali, mabomba yote mapya, ngoma zichongwe, lainingi mpya, springi zikazwe, matairi matano ya saizi yake ya kawaida. Hapo fedha zilikuwa zimebaki kiasi cha kufunga fremu nyepesi, turubai, na kitanda cha mgonjwa cha kukunjwa ukutani pamoja na kiti kimoja cha msindikizaji. Injini ingebaki ile ile ya petroli, ifunguliwe na kusafishwa kabureta. Mabenchi hayapo. Kingo ndefu hazipo. Taa nne hazipo.

Haikuwa rahisi. Kiongozi wa kwaya alisimama akasema, "Kwa hiyo gari la kanisa litabeba kabichi na wagonjwa, ila waimbaji wa kanisa watembee?" Mtunza hazina alifunga daftari lake bila kusema kitu, na kufunga huko kulitosha. Tulipiga kura. Waliokubali walikuwa tisa, waliokataa sita. Kwaya haikuimba Jumapili mbili zilizofuata, na familia moja iliyokuwa imetoa mchango mkubwa iliomba irudishiwe. Tuliirudishia. Hadi leo kwaya inakodi Coaster kwenda mjini, inalipa zaidi, na inakwenda mara moja kwa mwaka badala ya mara tatu. Hilo ni pengo la kweli katika uinjilisti wetu, wala hatutaki kulifunika kwa maneno mazuri.

Vijana, ili angalau wapate kitu, walipendekeza gari lipewe jina la yule binti, liandikwe mlangoni kwa rangi. Wazo lilitugusa, tukamtuma mwinjilisti akaombe ruhusa kwa mama yake. Jibu lilikuja na mwinjilisti kama lilivyo: "Msiandike jina lake. Andikeni uzito."

Tukaandika. Ukiliona gari letu mjini, mlango wake wa kushoto una maandishi meupe: KABINI WATU 3. MZIGO KILO 700. Fundi alisema lilitengenezwa kubeba takriban tani moja, lakini chesisi iliyochomelewa ni sawa na mguu uliovunjika ukaunga, inafaa kuheshimiwa. Wakulima wanalalamika kila msimu kuhusu hizo kilo 300. Dereva anawaonesha mlango.

Baada ya kura ile ilibaki kazi moja ambayo haikuhitaji fundi. Tulikwenda, mchungaji, mwinjilisti na wazee wawili, nyumbani kwa yule mama. Tulikuwa tumeshakwenda mara nyingi kumpa pole. Safari hii tulikwenda kuomba msamaha, na njiani tuligundua kwamba hayo ni mambo mawili tofauti. Tulisema tulichokuja kusema: kwamba tulikaa kabini, kwamba hatukuuliza, na kwamba kaburini tulimsingizia Mungu. Alitusikiliza akimenya magimbi. Mwisho alisema, "Nimewasikia," akatupa chai. Hakusema zaidi. Tukiwa tunaondoka ndipo mzee mmoja akatukumbusha jambo ambalo mchungaji alipaswa kulijua mwenyewe: tangu mazishi, mama huyo alikuwa anakuja ibadani, lakini hakuwa amekaribia Chakula cha Bwana hata mara moja. Miaka mitatu. Tulikuwa tukigawa mkate bila kuona kwamba mtu mmoja amebaki kwenye benchi.

Kabla ya masika tulilijaribu gari. Fundi alipakia mifuko ya mchanga ya kilo 700, tukapanda nalo hadi Langali kwa gia ya kwanza, polepole, watembea kwa miguu wakitupita na kutupungia. Hatukuona aibu. Kuteremka, fundi alivuta ule wenzo wenye kichwa chekundu unaoingiza gia nzito, akaiacha injini ilishike gari, na breki akawa anazigusa tu. Kwenye ile kona alisimama kabisa, juu ya mteremko, na gari likatulia. Tulishuka. Tulisimama pale muda mrefu. Mwinjilisti alitaka kuomba, akashindwa, tukaimba tu.

Tumelitafakari tukio la Marko sura ya tisa tangu siku ile. Petro alipomwona Bwana aking'aa mlimani alitaka kujenga vibanda vitatu, wakae huko juu. Bwana akateremka. Na huko chini alikuta baba mwenye mtoto mgonjwa, na wanafunzi waliojaribu kumponya wakashindwa, na watu wakibishana. Wakristo tunapenda sana habari za kupanda. Tunaomba tupandishwe viwango, tunaimba juu ya milima, na tunanunua injini. Lakini mgonjwa yuko mteremkoni, na Bwana wetu alichagua kuteremka. Kanisa lisilo na breki litafika kwake likiwa limeshamgonga.

Aprili ile ile, usiku wa mvua, gari lilimteremsha mama mjamzito kutoka karibu na Nyandira, damu ikimtoka. Walichukua saa nne na nusu. Alifika hai, na mtoto yu hai. Mwezi wa Mei liliteremsha mzee wa miaka sabini, naye alifariki kabla ya kufika Mlali, kwa kuwa tuliitwa tukiwa tumechelewa. Tunayaandika yote mawili ili mtu asidhani kwamba tulinunua muujiza. Gari limebaki gari. Linakunywa petroli mno, na kwenye mlima linapitwa na bodaboda.

Siku ya Pentekoste, walipokuja mezani watu wa mtaa wa juu, yule mama alikuwa wa nne katika mstari. Hatukumwuliza kitu. Tulimpa mwili na damu ya Bwana kama tulivyowapa wengine, na mikono yetu ilitetemeka.

Siku hizi, kabla ya sala ya safari, tumeweka utaratibu. Dereva anawasha gari, anakanyaga pedali mara tatu mbele ya wasafiri, na mzee wa kanisa anainama kuangalia kama kuna mafuta yanayodondoka chini. Wageni wanatushangaa kidogo. Kisha tunavua kofia na kuomba.